Kujificha Mbele ya Ndege Nyuki

Vijana wangu, naomba nianze na shimo. Shimo la askari mmoja, kama nilivyolifundisha mimi, upana wake ni mabega ya mchimbaji pamoja na ngumi moja ya ziada kila upande. Kina chake kinaishia kwapani. Udongo wake haurundikwi kando kama wa kaburi. Unasambazwa mbele, unashindiliwa, kisha unafunikwa majani ya hapo hapo. Nasisitiza ya hapo hapo. Niliwahi kumkuta kuruta mmoja amejipamba matawi mabichi ya mwarobaini katikati ya shamba la karanga, akashangaa nimemwonaje.

Nilikuwa mkufunzi wa mgambo. Jina langu ni Hawa, lakini tangu niletwe mkoa huu kutoka Masasi nikiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, watu wameniita Afande, na wakinizoea sana wananiita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nimefundisha Bariadi, Maswa na Meatu, kwenye viwanja vya shule na kwenye vichaka ambavyo havina jina. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima wa pamba, wachungaji, mafundi baiskeli na, mara moja, mwalimu wa kwaya aliyeshindwa kabisa kutembea kimya kimya.

Nilipostaafu nilikuwa na magoti mabaya na swali moja. Swali lilikuwa: je, shimo langu bado linafaa? Kwa kuwa mimi ni mtu asiyeweza kuacha swali likalala, nilijiandikisha shahada ya uzamili, nikiwa mkubwa darasani kuliko wahadhiri wawili, nikachagua kuandika tasnifu kuhusu namna askari wa miguu wanavyofunzwa na wanavyopigana katika vita vya Urusi na Ukraine. Majirani walicheka. Mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa, "Afande, vita vya hapa vya nguruwe pori na mahindi umevimaliza?"

Nilimjibu kwamba sijavimaliza, na kwamba nguruwe pori wananikumbusha mambo mengi.

Msimamizi wangu wa tasnifu, daktari kijana mwenye subira, alirudisha sura ya kwanza na maelezo mafupi pembeni: "Umetumia kurasa sita kuchimba shimo moja. Tafadhali toka nje ya shimo." Nilifikiria maneno hayo kwa siku tatu. Niliandika majibu manne, sikutuma hata moja, kisha nikapunguza shimo hadi kurasa nne na nusu.

Lakini niwaeleze kwanza aliyenifundisha kwamba shimo si vipimo tu, kwa sababu huyo hakuwa afande. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliwapanga makuruta kwenye uwanda mzuri, mweusi, ulionyooka kama meza, nikawaamuru wachimbe. Kule kwetu Masasi udongo ni mwepesi, ukichimba asubuhi mchana umemaliza. Mzee mmoja kati ya makuruta, mkulima kutoka kijiji cha Sola aliyekuja mgambo kwa sababu mkewe alimwambia amezeeka, aliegemea jembe lake.

"Afande, hapa ni mbuga."

"Najua ni mbuga. Chimba."

"Si mbuga ya wanyama, Mayu. Ni udongo huu. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakula viatu. Twende kule juu kwenye luseni, kwenye mchanga."

"Kuruta, nani mkufunzi hapa?"

"Wewe, Mayu," akasema, akaanza kuchimba polepole kama mtu anayejua mvua itanyesha saa ngapi.

Ilinyesha saa nane. Kuta za mashimo zilitelemka ndani kama uji unaorudi sufuriani. Jioni nilikagua gwaride la watu thelathini waliosimama wima, makini kabisa, bila viatu, kwa sababu viatu vilibaki ardhini. Changu cha kushoto nilikipata baada ya wiki mbili, udongo ulipokauka, kikiwa kimesimama wima kama nilivyokiacha. Tangu siku ile sikuwahi kuchagua mahali pa kuchimba kabla ya kumuuliza anayelima hapo.

Nimekumbuka jambo hilo mara nyingi nikiandika tasnifu yangu, maana udongo wa Ukraine nao ni mweusi, na ukilowa unafanya yale yale. Magari yenye minyororo yanazama. Watu wanaishi kwenye mahandaki miguu ikiwa ndani ya maji, na ile miguu ikioza, mtu hatembei tena. Kwa hiyo mkisahau yote niliyosema, kumbukeni soksi. Jozi moja mguuni, jozi moja inakauka kifuani chini ya shati. Makuruta wangu walinicheka kwa soksi kuliko kwa kitu kingine chochote, na waliocheka zaidi ndio waliokuja kuniomba soksi.

Sasa nimfikie Luhende.

Luhende alikuwa mchungaji wa Mwanhuzi, kule Meatu ambako ardhi ni kavu na ng'ombe ndio mazungumzo. Alikuja mafunzoni akiwa na miaka ishirini au pungufu kidogo, mrefu, mpole, na anajua kulala chini bila kusogea muda mrefu kuliko binadamu yeyote niliyemwona. Kila kozi ilimalizika kwa mtihani wa maficho. Makuruta wanapewa robo saa kupotea kichakani, kisha mimi nawatafuta. Nikimwona mtu napuliza filimbi mara tatu, maana yake umeonekana, toka. Atakayebaki hadi mwisho anakabidhiwa filimbi yenyewe, iwe yake. Hiyo ilikuwa desturi yangu, na kwa miaka mingi filimbi nyingi nilirudi nazo nyumbani.

Kwenye jaribio la kwanza Luhende alijificha vizuri mno. Nilipita hatua mbili kutoka alipolala nisimwone. Bahati mbaya ng'ombe wa baba yake walikuwa wakilisha jirani. Dume moja jeusi lenye paji jeupe lilinyanyua kichwa, likanusa, likaja moja kwa moja, likaanza kumlamba kisogo kwa ajili ya chumvi ya jasho. Wengine wakafuata. Nilikuta ng'ombe wamesimama duara kama wazee wa baraza, na katikati yao kuruta amelala kifudifudi, hajasogea hata kidole, ameloa mate.

"Luhende, toka."

"Sijaonekana na wewe, afande," akasema bila kuinua kichwa. "Nimeonekana na ng'ombe."

Hoja hiyo niliitafakari usiku kucha. Kisheria alikuwa na haki.

Kwenye mtihani wenyewe hakukimbilia kichakani na wenzake. Aliwaendea ng'ombe wale wale, akalala katikati yao, chini ya matumbo, akajipaka vumbi. Kila walipohama, alihama nao kwa viwiko. Nilimtafuta saa nzima. Nilipita kando ya kundi mara mbili, na mara ya pili nililipiga dume lile jeusi mgongoni nikaliambia lipishe. Mwishowe nilikubali nimeshindwa, na yeye akasimama kati ya pembe akicheka. Nilimpa filimbi mbele ya wote, nikasema maneno ambayo nimeyajutia baadaye: "Huyu, hata vita vikuu vikija, atarudi nyumbani."

Mkufunzi asiseme hivyo. Andikeni mahali.

Miaka ikapita, nikastaafu, nikaanza masomo, na hapo ndipo picha za video zilipoingia maishani mwangu. Utafiti wangu ulinilazimu kuzitazama, zile zinazopigwa na droni ndogo ambazo sisi tunaziita ndege nyuki. Mwanzoni nilizitazama kwa daftari na kalamu: kundi la watu wangapi, wametawanyika umbali gani, wametumia mstari gani wa miti. Niliona jinsi vita vile vilivyobadilisha kila kitu. Watu hawaendi tena kwa vikosi, wanakwenda wawili, watatu. Kule nyuma ambako zamani mpishi alipika bila wasiwasi, sasa hata gari la maji linawindwa. Niliona pande zote mbili zikifa kwa namna moja.

Kisha nikaona video moja. Askari mmoja, sijui wa upande gani, amelala kwenye kibonde kidogo. Amelala kikamilifu: kisigino kimelazwa chini, uso umefichwa, mikono chini ya kifua, hasogei. Angekuwa kuruta wangu ningempa alama zote. Ndege nyuki ilikuwa juu yake, imetulia, inamtazama, haina haraka. Nilifunga kompyuta kabla ya mwisho. Mwisho niliujua.

Baada ya hapo, nakiri, masikio yangu yaliharibika. Pikipiki ikipita mbali napoteza sentensi. Asubuhi moja nilikuwa nikiwamwagia kuku mtama uani kwangu Bariadi, nikasikia mvumo juu, na kabla akili haijauliza chochote mwili ulikuwa umeshalala chini kati ya kuku, kisigino kimelazwa, uso umefichwa. Kuku walitulia haraka kuliko mimi. Mmoja alikula mtama begani kwangu.

"Mama yangu, umeteleza?" sauti ikauliza kwenye ua wa jirani.

Alikuwa Rehema, Bibi Shamba mpya, binti wa Tanga aliyeletwa kuwasaidia wakulima wa pamba kupulizia dawa kwa ndege nyuki. Alikuwa akiijaribu ile kubwa yenye mabawa sita na tangi la dawa.

"Sijateleza," nikasema nikiwa bado chini. "Nimejificha."

Alitazama skrini yake, akanitazama, akasema kwa upole wa watu wa pwani, "Basi samahani, mama, lakini nakuona vizuri sana. Mpaka kanga imeandikwaje naisoma."

Tukawa marafiki. Alinipa chai, nami nikampa soksi.

Luhende alinijia mavuno ya pamba yalipokwisha. Alikuwa amehamia Kasoli kwa baba yake mdogo, analima pamba na kuchunga ng'ombe, na bado hajaoa, jambo lililomkera mama yake. Alisimama mlangoni, filimbi yangu ikiwa shingoni kwa kamba mpya.

"Mwadila, Mayu."

"Mwadila," nikaitikia salamu. "Ingia. Umekonda."

"Ni kazi, afande. Nimekuja unisaidie barua."

Nikadhani barua ya mtendaji wa kata. Akatoa simu, akanionyesha. Mtu fulani, ambaye hakuwahi kumwona ila kwa picha, alikuwa amempatia kazi Urusi. Kazi ya ulinzi wa maghala, alisema. Mafunzo ya wiki mbili akifika, kisha kituoni. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja kwa lugha ambayo yeye na mimi hatuijui. Kilichobaki ni barua ya mkufunzi wake kuthibitisha kwamba amepitia mafunzo ya kijeshi na anaweza kutumia silaha.

"Mlinzi wa ghala anahitaji nini na barua ya silaha?" nikamuuliza.

"Ghala lina wezi, Mayu."

"Luhende."

Akatazama chini. "Najua ni vita. Mimi si mtoto. Lakini wale wanaokufa hawakufundishwa. Mimi nimefundishwa na wewe. Wewe mwenyewe ulisema, mbele ya watu, kwamba hata vita vikuu vikija nitarudi."

Vijana, nimewahi kupigwa na jembe la kuruta kwenye kifundo cha mguu, lakini siku ile niliumia zaidi. Nilimwambia aache namba ya simu, nitafikiri. Nikafikiri. Niliandika barua tatu. Ya kwanza ilisema ukweli kwamba alifuzu, na niliichana. Ya pili ilisema uongo kwamba hakufuzu, na niliichana pia, kwa kuwa ningemdhulumu na asingeniamini. Ya tatu nilimwandikia yeye kuhusu vita vile, na ilipofika ukurasa wa nane nikasikia sauti ya msimamizi wangu ikiniomba nitoke nje ya shimo. Nikaandika ya nne, mistari minne, yenye kila kitu alichohitaji isipokuwa saini yangu. Nikamtafuta Rehema.

Tulikutana Kasoli kwenye shamba la baba mdogo wa Luhende, pamba imekwisha kuchumwa, ng'ombe kumi na mmoja wameachiwa wale mabua. Nilimwonyesha Luhende barua na kalamu.

"Jifiche. Robo saa ya kujificha, dakika kumi za kutafutwa. Usipoonekana natia saini hapa hapa."

"Unanitafuta wewe?"

"Ananitafutia Bibi Shamba."

Akamtazama Rehema na ndege yake kubwa, akacheka kwa furaha ya kweli. "Hiyo ya dawa ya funza wa pamba? Afande, kalamu ishike tayari."

Rehema na mimi tuligeuka tukatazama barabara. Nilijua atakakokwenda. Naamini hata ninyi mnajua.

Ndege nyuki ilipaa. Kwenye skrini shamba lote lilijaa ndani ya kiganja: mabua, njia za mchwa, kundi la ng'ombe limekusanyika upande wa mashariki. Sikumwona. Kwa sekunde kadhaa, nakiri, moyo wangu wa mkufunzi ulifurahi. Alikuwa mzuri bado. Kisha Rehema akaishusha kidogo ili aone, na mvumo ukawafikia ng'ombe.

Walinyanyua vichwa kwa pamoja, wakatawanyika. Kumi na mmoja, kila mmoja na njia yake, mikia juu, vumbi likiwafuata. Katika muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii, uwanja ulibaki mtupu, na katikati ya uwanja mtupu amelala mtu mrefu. Kisigino kimelazwa chini. Uso umefichwa. Mikono chini ya kifua. Hasogei.

Nilikuwa nimeshaiona picha hii.

"Mama?" Rehema akaniuliza. "Nimefika. Nifanye nini?"

Ndege ilikuwa juu yake, imetulia. Nilitafuta filimbi mfukoni ili nipulize mara tatu, nikakumbuka filimbi anayo yeye, nilimpa mwenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na namna ya kumwambia ameonekana. Aliendelea kulala kwa nidhamu niliyomfundisha, akiamini hatumwoni.

"Tangini mna nini?"

"Maji matupu. Ya majaribio."

"Mmwagie."

Akamwagia. Luhende aliruka kama aliyekanyaga siafu, akakimbia kuelekea korongo, na ndege ikamfuata bila kuhangaika, ikimnyeshea. Akaingia chini ya mgunga, ikashuka pembeni ya mgunga. Akalala kwenye mfereji, ikasimama juu ya mfereji. Rehema alianza kucheka, akaacha aliponitazama usoni. Nikamwambia inatosha.

Alikuja ametota, matope hadi nyusi. Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Alivua filimbi, akaishika mkononi.

"Sawa, afande. Nimeona. Ng'ombe wamenisaliti." Akavuta pumzi. "Sasa nifundishe. Kule, yule mtu aliye chini anajifichaje?"

Miaka yote ile kila kuruta aliyeniuliza swali nilikuwa na jibu, na nikiwa sina nilimpa zoezi la kukimbia hadi nilipolipata. Nilitafuta kila kitu nilichosoma: nyavu, moshi, majengo, kutembea wawili wawili wakati wa ukungu. Yote ni kweli, na waliojua hayo yote bado nimewaona wamelala. Ningeweza kumpa hotuba, na angeondoka nayo kama alivyoondoka na sentensi yangu ya kwanza.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, Luhende. Nilichokufundisha mimi kule hakitoshi. Nimekisoma, nimekitafuta, na sijui."

Alikamua shati, maji yakimtiririka kwenye kidevu. Nadhani alikuwa akisubiri nimwambie nimetania. Kisha simu yake ikalia. Aliipangusa kwenye suruali iliyolowa zaidi ya simu, akatazama jina, akasogea hatua chache pembeni, ila si mbali kiasi cha kutosikia.

"Ndiyo, kaka. Hapana, barua haipo." Akasikiliza. "Hapana, mimi nilifuzu. Mkufunzi ndiye aliyefeli." Akasikiliza tena. "Ndiyo, mkufunzi. Ameulizwa swali moja tu, ameshindwa. Siwezi kwenda vitani na elimu ya mtu aliyefeli. Haya, kaka. Usipige tena, nina ng'ombe wamepotea."

Tasnifu yangu niliiwasilisha baadaye na ilipita kwa marekebisho madogo. Cheti kiko kabatini chini ya soksi. Lakini siku ile niliikunja barua isiyo na saini, nikavua viatu kwa kuwa tulikuwa tunaingia kwenye mbuga, na sote watatu tukatawanyika kutafuta ng'ombe. Kumi tuliwapata kabla jua halijazama. Yule wa kumi na moja, dume jeusi lenye paji jeupe alilohama nalo kutoka Mwanhuzi, ndilo lililompata Luhende, likaja likamlamba kisogo.